Chumba cha Ghorofa ya Tisa: Sawa

Jengo letu la barabara ya Huanshi Zhonglu, huku kwa Wachina, lilikuwa na ghorofa kumi na nane za wafanyabiashara, na kila wiki watu walihama vyumba. Kazi yangu ilikuwa kuwatenganisha kwenye mtandao, ofisi ya mmoja isichungulie ya mwingine, ingawa nyaya ni zilezile. Kila Jumatatu nilipanda na kompyuta yangu hadi kwenye swichi ya kila ghorofa, kile kisanduku kinachounganisha nyaya, nikapanga kwa mkono VLAN, yaani mtandao wa pekee wa kila ofisi, kisha nikapiga hodi mlango kwa mlango kuuliza kama mtandao umekubali.

Nilikokawia zaidi ni mlangoni kwa mzee mmoja wa Lubumbashi, mnunuzi wa jinzi za viwanda vya Xintang, aliyeishi peke yake na presha yake humohumo ofisini, ghorofa ya tisa. Yeye alinipa chai, mimi nilimkumbusha vidonge.

Halafu nikaandika programu. Ilisoma orodha ya wapangaji, ikapanga swichi zote kila alfajiri, na mbele ya kila chumba kilichowasha kompyuta ikaandika "sawa". Wanasema ajizi ni nyumba ya njaa. Yangu ilinilipa mshahara, nikajiona mjanja kwelikweli. Mzee nilipomweleza hakucheka.

"Petit, mdogo wangu, sasa utakuya tena siku gani?"

Nikamwambia nitapita. Wiki tano sikupita.

Mkewe akanipigia kutoka kwao. Siku mbili jina la mumewe lilikuwa linawaka kijani kwenye kompyuta yake, ishara kwamba yuko hewani, lakini hajibu simu. Au amemkasirikia, aliniuliza. Nikafungua ripoti palepale kitini: chumba chake, sawa. Nikamwambia yule mama kwamba mzee yuko, kazi tu zimemzidi.

Asubuhi iliyofuata alipiga tena, ndipo nikapanda. Nilibisha hodi mara tatu. Ndani kompyuta iliita, ikanyamaza, ikaita tena. Mlinzi wa jengo akafungua. Kulikuwa na baridi ya kiyoyozi na harufu ya rangi ya jinzi, na mzee kitini ameielekea skrini, vidonge mezani havijaguswa. Jina la mkewe lilikuwa likiwaka na kuzimika usoni mwake.

Daktari alisema alikata roho siku tatu nyuma. Asubuhi zote hizo, na hata hiyo niliyopanda, programu yangu ilikuwa imemwandikia sawa.

Mimi ndiye niliyempigia mkewe. Alilia sana, kisha akatulia.

"Jana ulisema ye iko," akaniambia. "Ulimuona?"

Nilimjibu kwamba sikupanda.