Baba mkwe kaniimarishia ndege

Nina hasira, na bado nimelazimika kusema "ahsante, baba".

Mnaijua ndege yangu ya rimoti, ile ya kujifunzia, ya sponji nyeupe. Kila ikitua vibaya bawa linakatika. Wiki nzima nimechonga kijiti cha mlingoti wa mkonge, lile shina refu la ua lake, chepesi kama unyoya, nikakipachika ndani ya bawa. Safi kabisa. Leo asubuhi ilikuwa niirushe hapa Mashewa, majirani wote nimewaita.

Sasa baba mkwe. Mzee wa mashamba ya mkonge tangu enzi za Ujamaa. Jana nikiwa Korogwe mjini, alikiona kijiti changu akakihurumia.

Akaongeza spoku mbili za baiskeli. Halafu akalizungushia bawa zima singa za mkonge zilizolowa gundi!

Kaja nayo uwanjani mwenyewe, kanikabidhi mbele za watu. Nzito kama jembe.

"Baba, itaruka kweli?"

"Mwanangu, sisi hatukutengeneza vitu vya kuvunjika."

Ni mkwe huyo. Nikawasha.

Ikakimbia uwanja mzima bila kunyanyuka hata kidole, ikaenda kugonga nguzo ya goli. Nguzo ikatikisika. Ndege haina hata mchubuko.

Mzee akapiga makofi. "Umeona?"

Watu wakashangilia! Mume wangu alikaa chini kwa kucheka. Leo atajipikia.

Jamani, gundi iliyokauka na singa inatokaje? Nijibuni haraka. Mzee anaulizia rimoti, anasema nayo anaiona legelege.