Plasta Chini ya Jiwe la Baba

Mimi siamini mtu haraka, na dalali anayetabasamu simwamini kabisa. Huyu aliitwa na kaka yangu, akaja kwa pikipiki kutoka Bonga, akakaa sebuleni kwetu Bagara akiligeuzageuza jiwe la baba kwenye mwanga wa dirisha.

Marehemu baba alifanya kazi migodini ujanani, akarudi na jiwe hilo la kijani. Alituusia jambo moja: shida ikija uzeni jiwe kwanza, shamba la Singe liwe la mwisho kabisa. Hilo ndilo shamba ambalo mama analima mahindi na maharage mpaka leo. Kaka alitaka bajaji, na aliitaka upesi.

"Dada, hili si zumaridi," dalali alisema. "Ni floraiti. Viwandani wanaitia kwenye tanuri ili chuma kiyeyuke vizuri, na wanatengenezea tindikali. Wananunua kwa malori. Kipande kimoja hakina soko."

Nilicheka kwa hasira. Mchezo huo naujua: leo unaliponda jiwe, kesho unarudi kulichukua kwa bei ya chee. Kaka naye alikuwa akimwitikia kwa kichwa, nikahisi wamepanga.

"Thibitisha basi," nikasema.

"Likwangue kwa kisu. Zumaridi haikwanguliki, floraiti inatoa unga. Ila mimi siligusi kwa kisu. Kwetu madalali, ukikwangua jiwe la mtu umelinunua."

Kisingizio hicho, nikajisemea. Kaka alipotoka kumsindikiza, niliingia jikoni na jiwe, nikachukua kisu cha kukatia mboga. Sikutaka kuliharibu, kwa hiyo nilibandua plasta ambayo baba aliibandika chini yake na kuandika jina la mama, ili nikwangue pasipoonekana.

Palikuwa na mkwaruzo tayari. Wa zamani, umeingia vumbi. Nikakwangua kando yake, maana kwa nilivyo hata baba simwamini bila kuhakikisha. Unga mweupe ukabaki kidoleni.

Nililia. Baba alijua miaka yote ile, na bado alisema jiwe kwanza.

Nikairudisha plasta. Kaka aliporudi, mama alikuwa amesimama mlangoni na jembe lake.

"Kisu kimesemaje?" kaka akauliza.

"Halikwanguliki. Yule tapeli tu. Tutangoja mnunuzi wa kweli, na shamba haliguswi."

Mama alilipokea jiwe, akalipindua, akaona plasta imekunjamana pembeni. Akaibonyeza kwa kidole gumba mpaka ikalala sawasawa, akalifunga jiwe kwenye kitenge, akaenda shambani.