Shangazi Alipopanda Darini

Shangazi yangu ana sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya bonde, ndiyo maana kazini wanamwita Kengele. Sikio lake la kushoto halisikii vizuri tangu utotoni, basi yeye hudhani sote tuko hivyo. Akikunong'oneza siri, mtaa mzima umeipata.

Kazi ya kutunza wazee aliianza akiwa na miaka thelathini na tisa, baada ya kiwanda alimokuwa akishona nguo kufungwa. Alikwenda kwenye nyumba ya kutunzia wazee kuomba kazi ya kufua. Siku hiyo wahudumu wawili hawakufika, akatupiwa aproni na kuambiwa amlishe bibi mmoja aliyekuwa anatema kila kijiko. Shangazi akakaa, akaonja ile supu mwenyewe, akasema, "Bibi, una haki. Haina chumvi." Akaenda jikoni, akaitia chumvi, bibi akala mpaka akakwangua bakuli. Habari ya kufua ikaishia hapo.

Nyumba hiyo ina wazee ishirini na wawili, na karibu wote wamebeba maradhi mawili kwa pamoja. Waliugua akili tangu ujana, wengine wakisikia sauti, wengine wakiamini wanafuatwa, na sasa uzeeni kumbukumbu nazo zinawatoka. Nyumba nyingine huwakataa. Shangazi anawapenda ajabu. "Hawana unafiki," husema. "Akikuchukia asubuhi, mchana amesahau, mnaanza upya."

Chumba namba sita alikaa mzee aliyeitwa Fundi Simu, maana maisha yake yote alipanda nguzo na kuunga nyaya za simu. Tangu ana miaka ishirini na kitu alisikia watu wakimsema kutoka darini. Aliwaita "mabwana". Kila asubuhi Shangazi alimpelekea chai na dawa, na swali lake halikubadilika.

"Mabwana wameamkaje?"

"Wananitukana tu, binti yangu."

"Waambie wasubiri, tunakunywa chai."

Mzee aliinua uso kuelekea dari, akafikisha ujumbe kwa heshima zote, kisha akanywa.

Wiki moja mambo yakaharibika. Fundi Simu aliacha kunywa maziwa, akawa anayaficha kikombe kwa kikombe nyuma ya pazia. Alisimama juu ya kitanda akilia kwamba darini kuna watoto wana njaa. Sista, nesi msimamizi, akaandika kwenye faili: "Sauti zimeongezeka." Daktari angekuja Ijumaa, na bila shaka angepandisha dozi. Mara ya mwisho ilipopandishwa, mzee alilala wiki mbili mate yakimtoka, na alipoamka akaanguka bafuni. Shangazi hakutaka kuyaona tena.

Alhamisi baada ya chakula cha mchana, akaenda kukaa naye kitandani.

"Mzee wangu, ni mabwana walewale?"

Fundi Simu akamtazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. "Mabwana wananisema mimi. Hawa hata hawanijui. Wanalia tu."

Shangazi aliniambia maneno hayo yalimsimamisha nywele. Akatega sikio lake zima. Kimya. Akajiambia, sawa, mimi sisikii hata nikiitwa chakula, nitaamuaje? Akatoka kwenda kwa mlinzi kuomba ngazi.

Wote wanaomjua Shangazi wataelewa hofu ya mlinzi, kwa sababu Shangazi si mtu wa kilo chache. Mlinzi alishika ngazi kwa mikono miwili na goti, macho ameyafumba. Sista akaja mbio kutoka ofisini.

"Dada Kengele, shuka! Utavunjika kiuno, nikuandikie nini?"

Shangazi alikuwa amekwishasukuma ubao wa dari. Vumbi likammwagikia, buibui wakamkalia kichwani, akaingiza kichwa na mabega. Miguu tu ndiyo ilionekana. Kisha ile sauti yake ikatoka darini, wazee wa vyumba vyote wakaisikia:

"Sista! Una kalamu? Andika wanne! Na mmoja ana madoa!"

Walikuwa watoto wa paka, macho ndiyo kwanza yamefunguka, wamelala kwenye kiota cha pamba iliyotoka godoro kuukuu. Mama yao alikuwa akipita kwenye upenyo karibu na tangi la maji, na fundi bomba alikuwa ameuziba Jumatatu. Shangazi akawateremsha mmoja mmoja ndani ya aproni, akawaweka mapajani mwa Fundi Simu.

Mzee aliwagusa kwa kidole kimoja. Akasema taratibu, bila kinyongo, "Miaka hamsini nasema kuna watu darini. Leo ndiyo mara ya kwanza mtu kupanda kuangalia."

Hakuna aliyejua acheke au alie. Sista akaketi kitandani, akafanya vyote viwili. Halafu akafungua faili, na chini ya maneno yake ya juzi akaandika: "Imethibitishwa. Ni paka." Daktari alipoyasoma kesho yake alicheka mpaka akavua miwani, na dozi ikabaki ilivyo. Tangu hapo Sista akaweka utaratibu: mzee akisema jambo, mtu aende kwanza akaangalie. Mwezi uleule bibi mmoja akalalamika kuna mwanaume bafuni. Wakaenda kuangalia. Alikuwa fundi bomba.

Jumapili moja, wiki kadhaa baadaye, akaja binti wa Fundi Simu, mwanamke mzima mwenye watoto wake. Huyu alikuwa amezoea kumwitikia baba yake "ndiyo Baba" bila kumsikiliza, akikaa robo saa na kuondoka.

"Mwanangu, mwambie wewe habari za paka," Shangazi akamwambia mlangoni. "Amekwishasahau. Kila siku tunamwambia, na kila siku anafurahi upya."

Binti akapiga magoti mbele ya kiti. "Baba, ulisikia watoto wa paka darini. Walikuwemo kweli."

"Mimi ndiye niliyesikia?"

"Wewe, Baba. Sisi wengine wote hatukusikia."

"Wangapi?"

"Wanne."

Mzee akainua uso kuelekea dari, kifua mbele. "Mmesikia, mabwana? Wanne."

"Wamesemaje?" binti akauliza. Katika maisha yake yote hakuwahi kuuliza hivyo.

"Leo hawana la kusema."

Siku hiyo alikaa mpaka jioni, na mmoja wa paka akaenda naye nyumbani. Sasa huja mara mbili kwa wiki.

Shangazi amebakiza mwaka mmoja astaafu. Jumatatu ijayo anaanza kuwafundisha wahudumu wapya sita, na aliniomba nimwandikie somo la kwanza. Nikakaa na karatasi, nikangoja. Akafikiri kidogo, akacheka, akasema niache kuandika. Atawapeleka chumba kwa chumba wakawasalimie wazee.