Kiingereza Changu na Mama wa Mgeni

Ndugu zangu, mpaka leo naona haya kupita sokoni. Hapa Kasongo mimi ni mwalimu wa Kiingereza, kwa hiyo mgeni kutoka Zambia alipokuja kuwafundisha wakulima wetu kilimo cha karanga, niliitwa kumtafsiria.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka saa ya kula. Mama Zaina, aliyetupikia sisi na wakulima, shehe na pasta wakiwemo, alimwekea mgeni mboga ya sombe na ugali wa muhogo. Mgeni akaonja, machozi yakamlengalenga. Akasema, "I miss my mother."

"Anasema nini, mwalimu?" Mama Zaina akauliza.

Neno "miss" nililijua: mtu akichelewa gari, amelikosa, limempotea. Nikasimama, nikasema kwa sauti ya huzuni, "Amemupoteza mama yake."

Mama Zaina akajishika kichwa. "Yooo! Mama yake amekufa, na sisi tunamuongelesha karanga!"

Wakulima wanawake wakaanza kulia. Shehe akainua mikono kuomba dua, pasta naye akafumba macho. Mgeni akaniuliza kuna nini. Nikamwambia wanamhurumia. Akaguswa, akalia zaidi, nami nikajiona profesa.

Ndipo simu yake ikalia. Akafuta machozi, akaongeza sauti ili wote tusikie, akacheka: "Mama!" Sauti ya mwanamke mzee ikaitika kwa furaha.

Neno hilo halikuhitaji mkalimani. Kumbe alikuwa amesema tu kwamba amemkumbuka mama yake! Mama Zaina akanigeukia polepole.

"Mwalimu," akasema, "marehemu iko kwa simu. Tumusalimie?"