Mshindi wa Kila Jumapili

Kila jioni Andwele alivua viatu mlangoni, akaketi kwenye kochi bila kuwasha taa, na hakunyanyuka mpaka simu iite. Mpigaji alikuwa Rose, mkewe, muuguzi huko Mbeya. Uhamisho wa Rose kuja Sumbawanga ulikubaliwa kwa mdomo miaka kadhaa iliyopita, kisha ukanyamaza, na wote wawili wakaacha kuuliza.

"Umekula?"

"Nitakula."

"Basi hujala."

Andwele alikuwa mkuu wa shule ya sekondari, mtu wa Tukuyu, umri wake ukikaribia hamsini. Mvi zilizoanzia masikioni alizipaka rangi nyeusi mara moja kwa mwezi. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa amechoka, na uchovu wake haukuondoka kwa kulala. Kazi yenyewe aliimudu. Kilichomchosha ni kukubaliwa. Kikao cha walimu kilipokaa, alisema jambo na vichwa vyote vikaitikia. Siku moja, ili aone kama kuna mtu anasikiliza, alipendekeza mchakamchaka wa wanafunzi uanze saa kumi alfajiri, katikati ya baridi ya Juni. Makamu wake aliandika, akapiga mstari chini ya alichoandika, akasema, "Wazo zuri, mkuu." Ilibidi Andwele alipinge wazo lake mwenyewe.

Jumamosi iliyofuata, upepo ukipenya chini ya mlango, alipanda juu ya kiti kutafuta blanketi la pili juu ya kabati. Alichoshusha ni boksi ambalo alikuwa amelihamisha nyumba hadi nyumba bila kulifungua.

Ndani mlikuwa na majitu yake. Roboti za vita za metali laini, kila moja na kimo cha kidole, zenye mizinga mahali pa mikono. Na ramani iliyogawanywa vyumba vya pembe sita kama sega la nyuki. Mchezo wake huchezwa mezani. Unasogeza jitu chumba kwa chumba, unarusha dadu kuona kama mzinga wako umepata shabaha, na unachunga jambo moja kuliko mengine yote: kifua cha jitu ni kigumu, mgongo ni laini. Anayeonyesha mgongo amekwisha.

Alifundishwa mchezo huo na mwalimu mgeni wa kujitolea, enzi za chuo cha ualimu, na mgeni alipoondoka alimwachia boksi. Mpinzani wake alikuwa Stephano, mwenzake wa bwenini, ambaye alimpiga karibu kila walipocheza, akamcheka kuanzia mezani hadi kwenye foleni ya chakula. Andwele aliketi kitandani na jitu la kijani mkononi, lile lililokuwa lake siku zote. Lilikuwa limekatika mguu. Akagundua kwamba katika maisha yake ya sasa hakuna mtu anayemcheka.

Jitu na mguu wake alivipeleka kwa Wilibrodi, fundi wa mtaani kwake Malangali anayesubu sufuria kwa alumini chakavu na kulehemu vitu vidogo vidogo. Wilibrodi, mtu wa rika lake, alifuta mikono kwenye aproni, akalipokea jitu, akaligeuza juu chini.

"Mkuu, hili umelitoa wapi? Hatujawahi kumimina la namna hii."

"Hamjawahi? Kwani nyie mnamimina?"

Wilibrodi alifunua gunia lililokuwa pembeni ya tanuri. Yalikuwemo majitu ya alumini, mazito, yenye mabega mapana na chembe za mchanga wa kalibu zikiwa bado zimeng'ang'ania makwapani.

"Ni mambo ya Faith, binti yangu," alisema. "Aliyakuta kwenye simu akiwa chuo. Akarudi na sheria zote, majitu hana. Mimi pistoni chakavu za kuyeyusha ninazo. Sasa kila Jumapili baada ya misa ya pili wanajaa hapa uani. Hata mimi nacheza, ila wananipiga tu."

"Wanakupiga?"

"Vibaya sana," Wilibrodi alisema. "Njoo uone."

Jumapili Andwele alitoka kanisani kwake, Moraviani, akafika uani kwa Wilibrodi na boksi kwapani. Meza ilikuwa mlango wa mbao uliolazwa juu ya mapipa mawili. Ramani ilikuwa imechorwa nyuma ya bango la plastiki la sherehe iliyopita, na vilima vyake vilikuwa vya udongo uliofinyangwa mviringo, kama yale matuta ambayo Wafipa hufukia majani ndani yake. Vijana walisimama wote. Miongoni mwao alimtambua Victor, dereva wa bodaboda, ambaye yeye alimfundisha hesabu kidato cha pili.

"Shikamoo mkuu," Victor alisema, akivua kofia ya pikipiki.

"Marahaba. Kaeni, kaeni."

Hawakukaa mpaka yeye alipokaa. Faith, mwembamba, ana kalamu nyweleni, alimpisha upande usio na jua machoni. Walipofungua boksi lake wakasogeza vichwa karibu. Walikuwa wameyaona majitu ya aina ile kwenye picha tu.

Siku hiyo alimshinda Faith. Alirudi nyumbani kwa miguu, mwepesi, na akala kabla simu haijaita. Jumapili iliyofuata alimshinda Victor. Iliyofuata tena alimshinda Faith kwa mara ya pili, na Rose akasikia habari hiyo kwa urefu kuliko alivyotaka.

Mtu mwingine aliyecheza pale alikuwa Bibi Silvana, mama yake Wilibrodi. Aliketi kwenye mkeka akipepeta ulezi, na zamu yake ilipofika aliinuka, akasogeza jitu, akarudi kwenye ungo wake. Hakuna aliyemhurumia. Vijana wa kiume walimwita mke wangu, kama wajukuu wanavyowatania bibi zao kila mahali, na hapo kwenye meza utani huo uliongezeka makali.

"Mke wangu, geuka nikuue vizuri," Victor alimwambia Jumapili ya nne.

"Mume gani, hana hata kuku," Bibi akajibu, akirusha dadu.

Faith alikuwa wa kwanza kufyatua. Jitu la bibi yake likalala chali. "Tazama lilivyokufa. Kama wewe unavyosinzia kwenye mahubiri."

"Na wewe utazeeka."

Walicheka mpaka mbwa akaondoka uani. Kisha Andwele akasogea mezani, na kicheko kikafungwa kama bomba.

Ni siku hiyo hiyo alipokosea. Akili yake ilikuwa kwenye ripoti ya kesho, na mkono ukaligeuza jitu la kijani upande usiofaa. Aliona kosa alipokwisha kuinua vidole, na sheria hairuhusu kurudisha. Mgongo wa jitu lake ulikuwa wazi mbele ya mizinga miwili ya Faith. Mtoto wa darasa la nne angefyatua.

Faith aliitazama ramani kwa muda. Kidole chake kiligusa jitu lenye mizinga, kikaliacha, kikaenda kusogeza jingine lililokuwa kona ya mbali, nyuma ya kilima.

"Nasogeza hili," alisema.

Victor akainua macho kutazama mawingu.

"Faith," Andwele alisema. "Umeuona mgongo wangu."

"Sijauona, mkuu."

"Bibi yako umemwua kwa mgongo sasa hivi."

"Bibi ni bibi."

Hakuuliza tena. Alirudi nyuma kichwani, mchezo hadi mchezo: dadu ambayo Victor aliisahau kurusha, jitu la Faith lililokwama mtoni bila sababu. Uchovu wa kikao cha walimu ukamshukia pale pale uani, mzima mzima, kama koti alilokuwa ameliacha ofisini na mtu amemletea.

Wilibrodi aliiona sura yake. "Mkuu, usilichukue vibaya. Wewe ni mgeni, ni mtu mzima, na Victor ulimfundisha. Sasa kijana akupige mbele za watu, wataulizwa wamelelewa wapi."

"Basi hapa nisiwe mkuu. Niiteni Andwele."

Victor alijaribu kwa moyo safi. Alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena. "Haitoki, mkuu."

"Niiteni kaka, basi."

"Kaka," Faith alisema taratibu, "halafu baba yangu tumwiteje? Mnalingana."

Andwele alianza kuyarudisha majitu kwenye boksi, moja moja. Hakuwa na hasira nao. Walikuwa vijana wenye adabu, na yeye mwenyewe alikuwa amelipwa miaka yote hiyo kuwafundisha adabu. Ila kama ni kukubaliwa, alikubaliwa kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa. Jumapili angeweza kulala. Alijua pia kwamba boksi likirudi juu ya kabati safari hii halitashuka tena.

"Unakwenda wapi?" Bibi Silvana aliuliza kutoka kwenye mkeka.

"Nyumbani, mama. Nimechoka."

"Na mimi nimechoka. Ukiondoka wewe, nabaki kuuawa mimi peke yangu." Aliweka ungo chini. "Hawa hawana babu. Mume wangu alikwisha kufa, na babu zao wengine wako vijijini. Baba hapigwi. Babu anapigwa. Kaa kwenye kile kigoda cha marehemu, uwe babu yao, nipumzike."

Andwele alicheka kidogo. "Mama, sijafika hamsini. Binti yangu yuko chuo, hajaolewa."

"Wenzako wa umri huo huku kwetu wana wajukuu wanaochunga ng'ombe."

Kilikuwa kigoda cha miguu mitatu, kimeng'aa kwa kukaliwa. Andwele alikitazama akiwa na jitu mkononi. Alifikiria chupa ya rangi ya nywele bafuni, na jinsi anavyovuta tumbo ndani anapopanda jukwaa la shule. Ukuu wa shule alipewa kwa karatasi, na kwa karatasi ungeondoka siku moja. Uzee mtu haupewi hivyo. Akikaa pale ameupokea mwenyewe, mbele ya mashahidi. Magoti yake yalilia alipokuwa anajishusha. Kigoda kilikuwa kifupi mno, kidevu chake kikawa sawa na meza, na kwa mara ya kwanza aliyaona majitu yale kama yalivyotakiwa kuonekana, makubwa, yamesimama juu yake.

Vijana walitazamana. Bibi akautwaa tena ungo wake.

"Babu," Victor alisema mwishowe, sauti ikitoka nyuma ya watu. "Huyo mke uliyekaa naye hapo ni wangu. Umenikuta naye."

Vijana walishika vinywa. Andwele alijua kwamba akijibu kama mkuu, hata kwa neno moja, basi.

"Umpakie wapi mwanamke kama huyu?" alisema. "Kwenye pikipiki isiyo na taa?"

Uani kukalipuka. Victor aliinama akashika magoti. Bibi Silvana alisema yeye anataka gari, tena lenye hita.

"Kwa hiyo mimi nikuite baba?" Wilibrodi aliuliza.

"Ukikosa adabu nakunyima urithi."

"Urithi gani ulio nao?"

"Boksi."

Faith peke yake hakucheka. Aliyatoa majitu ya Andwele kwenye boksi, akayapanga kila moja mahali lilipokuwa, la kijani likiwa na mgongo wazi. Kisha alichukua jitu lake la nyuma ya kilima, akalirudisha kona, na safari hii hakuna aliyetaja sheria.

"Babu," alisema, kama mtu anayeonja chumvi. "Ulinipa mgongo."

Alirusha dadu. Mzinga wa kwanza ulipata, wa pili ukapata. Akalisukuma jitu la kijani kwa kucha, likaanguka kutoka mezani hadi kwenye sakafu ya saruji, na mguu alioulehemu baba yake ukaruka hadi chini ya pipa.

"Mguu wenyewe ulikuwa unasubiri tu," alisema Faith. "Kama wako."

Andwele alisikia masikio yakiwaka. Alikuwa amesahau kwamba kushindwa kunauma; kwa majuma yote hayo alikuwa amekitamani kitu bila kukumbuka ladha yake. Faith hakumpa nafasi ya kupoa. Alimbana majitu mengine mawili kwenye mto, akayamaliza, huku Victor akieleza kila pigo kwa sauti ya mtangazaji wa mpira na kutaja umri wa babu kila alipopata upenyo. Andwele alibishana juu ya dadu moja iliyosimamia ukingo. Alibishana kweli, amesimama, na Faith akambishia, kalamu mkononi, na Faith ndiye aliyekuwa sahihi.

"Panga tena," Andwele alisema.

Alipangiwa tena, akapigwa tena. Baadaye Bibi Silvana alileta ugali wa ulezi na maharage, akamnawisha Andwele mikono kwanza. "Leo sijafa hata mara moja," alisema, akakaa.

Victor ndiye aliyempeleka nyumbani. Kwenye kona ya barabara mzazi mmoja wa shuleni alisimama, akapunga mkono, "Habari za jioni, mkuu," na Victor akaendesha kimya, mgongo umenyooka, mpaka mzazi alipobaki nyuma kabisa. Ndipo akasema, "Jishike vizuri, babu. Mifupa hiyo ikimwagika mimi siokoti."

Ndani kulikuwa na giza. Andwele aliketi kwenye kochi, mguu wa jitu ukiwa kwenye mfuko wa shati, na simu ikaita kabla hajafikia swichi.

"Umekula?" Rose aliuliza.

"Nimekula. Kwa mke mwenzako."

"Anaitwa nani?"

"Silvana. Ana miaka themanini." Alipiga mwayo mrefu. "Rose, wamenipiga. Mara mbili. Kale kasichana hakana huruma hata kidogo."

"Mbona unasema kama umepewa zawadi?"

Alitaka kumweleza kuhusu kigoda, na rangi ya nywele ambayo mwezi huu hataipaka. Macho yalikuwa mazito, na kesho saa moja na nusu kulikuwa na kikao.

"Nitakueleza kesho," alisema.

"Kesho utakuwa umechoka."

"Nitakuwa nimechoka," Andwele alisema. "Ila nitakueleza."