Mstari wa Bluu Iliyokoza

Wabunifu wa mitindo ninaokutana nao safarini huniambia walianzia kwenye maua au picha. Huyu alianzia kwenye gauni la bluu la dada zake watatu. Mama yao alilishona kwa pindo nene, akitarajia kupata binti mrefu. Gauni likapita kwa wote watatu, likapauka, na pindo halikuguswa. Aliyekuja kurefuka kama mlingoti ni huyu mbunifu, kitinda mimba, ikabidi pindo lifumuliwe. Pale chini ukajitokeza mstari wa bluu iliyokoza, ambao haukuwahi kuona jua. Dada zake walimcheka mpaka wakashika mbavu.

Siku hizi kila gauni analobuni lina rangi iliyopauka, na chini mstari uliokoza. Siku moja kabla ya onyesho lake la kwanza, dada mkubwa alipita kwenye karakana, akayaona magauni hayo, akanuna.

"Yaani unatuanika? Watu wote wajue tulivalishana gauni moja? Toa huo mstari, la sivyo kesho sikanyagi."

Mdogo wake aliweka pini mezani. "Dada, gauni lote lilikuwa lenu. Mstari ule tu ndio ulikuwa wangu. Hakuna aliyeuvaa kabla yangu."

"Na tulivyokucheka!"

"Chekeni tu. Mimi nilikuwa naringa kimoyomoyo."

Dada mkubwa alicheka bila kutaka. Akavuta gauni moja, akapima mstari kwa vidole.

"Sasa mbona mwembamba hivi? Kwa macho yangu haya, nikikaa nyuma sitauona. Uongeze upana."