Supu ya Alfajiri Nyuma ya Maghala

Juzi, saa moja ya asubuhi, nilipanga foleni kwenye mgahawa wa Kijapani unaosifiwa sana huku Al-Malqa, Riyadh. Mlango ulipofunguliwa, harufu ya mchuzi wa kuku na samaki mkavu ilinirudisha Jeddah, nikiwa na miaka minane.

Baba, karani wa bandarini, alikuwa na desturi ya kutoka msikitini alfajiri na kuja kunywa chai kwa vitumbua vya mama. Ghafla akaanza kuchelewa, na akirudi hagusi kitu. "Nimeshiba," husema. Mama alinusa shati la baba. Siku ya tano nilimkuta mama akipanga nguo zake mwenyewe sandukuni.

"Ati anakula tambi za Wajapani," aliniambia, akinifunga mtandio. "Asubuhi yote hii! Nenda naye, na usinifiche kitu."

Niliamini anahofia nguruwe. Nikaenda kama mpelelezi.

Kilikuwa kibanda nyuma ya maghala ya bandari, na mafundi wa Kijapani na makarani walikuwa wamekwisha kupanga mstari. Mpishi mzee alitusukumia mabakuli mawili. Mafuta yalimeta juu ya mchuzi. Nusu ya yai ilinitazama. Nikafumba mdomo.

"Kula, binti yangu," baba alicheka. "Kuku huyo. Kachinjwa na Myemeni wa jirani, kamuulize."

"Na hiki cheusi?"

"Mwani. Shangazi zako kijijini kwetu Paje wanaulima, hawajui kuwa unalika."

Nikaonja kwa ncha ya ulimi. Kisha, nakiri, nikamaliza bakuli zima.

Nyumbani nilitangaza kutoka mlangoni: "Kuku, mama! Si nguruwe!"

Mama hakujali. Alinishika mabega. "Nani aliyempakulia?"

"Mzee mmoja, ana ndevu nyeupe."

"Hapana mwanamke?"

"Wanaume watupu."

"Apa."

"Wallahi, mama."

Akakaa kitandani, akacheka mpaka akalia, kisha akaanza kurudisha nguo kabatini.

Nilikuwa nimekwisha kuolewa nilipoelewa. Miongoni mwa wanawake wa kwetu, mume anayerudi na tumbo lililojaa asubuhi alihesabiwa kuwa ana mke mwingine anayempikia. Sikutumwa kuchungulia sufuria. Nilibebeshwa ndoa ya wazazi wangu, nami sikujua. Linalonitia baridi hadi leo ni hili: kama pale kibandani angekuwapo mwanamke anayepakua, ningemtaja kwa furaha ileile niliyokuwa nayo nilipomtaja kuku.